Siku moja maishani mwangu: mguu mmoja wa kushoto

Saa 1:30 asubuhi napokea zamu kliniki ya wajawazito, hospitali ya wilaya. Benchi limejaa. Uzito, presha, mkojo, kadi baada ya kadi.

Saa 3:10 anaingia mama wa wiki 30 akichechemea, mama mkwe wake kamshika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," anajibu mama mkwe. "Ni miguu tu, si unajua mimba."

Lakini uliovimba ni mmoja, wa kushoto, tangu juzi. Miguu yote miwili kuvimba jioni naiona kila siku. Mmoja peke yake unanitia hofu. Nazungusha futi kwenye shavu la mguu: wa kushoto umezidi wa kulia kwa sentimita 3. Una joto, na nikibonyeza anakunja uso. Kwa wajawazito bonge la damu hutokea zaidi kushoto, kwa sababu mshipa unaorudisha damu upande ule hupita chini ya ateri na kubanwa.

Usiku walikuwa wakiukanda kwa maji ya moto. Namsihi mama mkwe wasiukande tena, maana bonge likibanduka huenda mapafuni. Namuuliza mgonjwa kama kifua kinambana, kama pumzi zinakata. Hapana, namshukuru Mungu.

Saa 4 daktari ameshamwona. Dopla, kipimo cha picha ya mishipa ya damu, iko hospitali ya rufaa, na hapa ndipo wengi hukosea: husubiri picha ndipo watibu. Tunachukua damu ya vipimo, kisha namchoma enoksaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, chini ya ngozi. Ana kilo 60, anapata miligramu 60.

"Haitamdhuru mtoto, sista?"

"Haivuki kondo la nyuma, dada. Vidonge vya wafarini, vya kazi hiyohiyo, ndivyo vinavyovuka, hivyo hatukupi."

Saa 5 tunaondoka na gari la wagonjwa.

Saa 8 mchana naangalia skrini. Mshipa wenye afya ukibonyezwa hulala. Wake wa pajani umegoma. Ni bonge kweli.

Saa 10 tunamfundisha kujichoma: kila saa 12 hadi ajifungue, kisha aendelee kwa wiki 6 au zaidi. Uchungu ukianza asijichome, aje hospitali. Mikono inamtetemeka, kisha inatulia.

Sindano ya pili ni saa 4 usiku. Nimeiandika nyuma ya kadi, na mama mkwe ameshatega kengele ya simu.