Liger, ule mufupi balikatala

Hapa Lubumbashi ukianza masolo ya katshi (mieleka), batu benyi banakuambia tu juu ya banaume bakubwa bakubwa, lakini miye ule ninapenda ni mufupi, Jushin Thunder Liger wa Japani. Jina yake ya kweli ni Keiichi Yamada, mutoto wa Hiroshima, New Japan, kampuni ya katshi ya kule, balimukatala juu ya urefu, akaenda kujifunza Mexico, kisha balebale bakamukamata, akaanza kupigana 1984. Tarehe 24/4/1989 akatokea Tokyo Dome na maski yenye pembe na jina ya Liger, na mukaba wa IWGP, ule wa ubingwa wa New Japan, wa ba junior, bale habapite kilo 100, akaubeba mara 11, jamani 11! Na ile kuruka kutoka juu ya kamba, mwili unaenda mbele na unajigeuza kinyumanyuma hewani, Shooting Star Press, ni yeye aliileta. 1996 bakamukuta na uvimbe kwenye bongo, bakamupasua, akarudia ku ringi. Hapo ndiyo nilimuheshimu kabisa. Aliacha Januari 2020 na miaka 55, Tokyo Dome tena, Hiromu Takahashi ndiye alimulalisha mechi ya mwisho, na nilifurahi ni ule, juu naye ni junior.