Chungu changu cha kwanza, bila gurudumu wala tanuru

Ukambani chungu huanzia mdomoni, kitako kikaja mwisho. Nilifundishwa hivyo na nyanya wa mume wangu, huko Machakos, na kwangu hii ndiyo njia bora kwa asiye na gurudumu la kufinyangia. Vifaa ni gunzi la mahindi, kipande cha kibuyu, jiwe laini la mtoni na maji.

Udongo tuliuchimba karibu na mto, chini ya tabaka lenye mizizi. Nyanya alifinya kidogo, akausokota mwembamba na kuuzungusha kidoleni. Ukikatika hapo, hauna mnato. Ule wetu haukukatika. Tukauanika, tukautwanga, tukaondoa changarawe, tukauloweka, kisha tukauchanganya na mchanga laini. Mchanga huo usiuache: unapunguza kunywea kwa udongo unapokauka, na motoni unaupa mvuke njia ya kutokea. Halafu kukanda. Nilikanda mpaka viganja vikawaka, naye akawa analikata bonge katikati akitafuta vitundu vya hewa. "Bado, mjukuu wangu." Nikakanda tena.

Tulitandika majani chini, nikaweka juu yake pete nene ya udongo. Chungu hakizunguki, mfinyanzi ndiye anayekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume. Mkono mmoja uko ndani, mwingine nje, na udongo unavutwa taratibu kwenda juu. Gunzi linasawazisha, kibuyu kinalainisha, jani bichi lililolowa linamaliza mdomo. Shingoni nyanya alichora alama yake. Wafinyanzi wa Kikamba kila mmoja alikuwa na yake, hata sokoni chungu kikajulikana ni cha nani. Akaniambia nami nichague yangu. Nilichora mistari miwili inayopishana, na nilijivunia sana.

Mdomo ulipokuwa mgumu kiasi cha kubeba uzito, na ukingo wa chini bado mbichi kwa kufunikwa kitambaa chenye maji, tulikigeuza kifudifudi. Udongo wa ukingo ukavutwa kuelekea katikati, tundu likazidi kuwa dogo, mwisho likazibwa kwa donge la ukubwa wa kidole gumba. Naipenda hatua hii kuliko zote. Kitako kinatoka cha mviringo, hakina pembe ya kupasukia, na kinakaa vizuri juu ya mafiga. Kisha nikakisugua kwa jiwe la mtoni mpaka kikang'aa.

Kukausha ni kivulini, mbali na upepo, kwa sababu upande ukitangulia kukauka hunywea peke yake na kuvuta ufa. Nyanya alikuwa akikiweka shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Siku ya kuchoma tulikipasha kwanza kando ya moto, tukikigeuzageuza, kwani maji yaliyobaki yakichemka ghafla hukipasua. Ndipo tukakilaza juu ya kuni, tukakifunika kwa samadi kavu na nyasi. Joto likipita kama nyuzi 600 udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Yale mabaka meusi hutokea pale moshi ulipokosa hewa. Mimi nayaona ni pambo.

Kilipopoa nilikigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia. Chungu chenye ufa hutoa mlio mfu.

Kabla ya kukipikia, chemsha ndani yake uji mwepesi na uuache upoe humo, ili wanga uzibe vitundu. Changu sasa napikia muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Moto uanze mdogo, na ukitaka kuongeza maji, yawe ya moto. Kwenye gesi sikiweki. Nakitumia kwa mkaa au kuni, ambako joto hupanda polepole.