Akaunti ya tokeni haisaini, anayesaini ni mwenye waleti

Jamani hii ya Solana (mtandao wa blockchain wa sarafu za kidijitali) inachanganya watu kweli. Unaona tokeni zako zimekaa kwenye akaunti ya tokeni, ina anwani yake kabisa, basi unahangaika kutafuta ufunguo wa siri wa ile akaunti ili usaini muamala, na huupati ng'o, maana anwani ile kwa kawaida imezalishwa toka anwani ya waleti yako (pochi ya kidijitali) na ya tokeni yenyewe, makusudi kabisa isiwe na ufunguo. Ndani ya baiti 165 za akaunti ya kawaida kuna sehemu imeandikwa mwenye mali nani, huyo ndo anasaini (au uliyemruhusu). Mwenye mali akiwa anwani ya programu (msimbo unaokaa kwenye Solana), programu inaidhinisha kwa mbegu zake (data zilizozalisha anwani hiyo, si maneno ya siri ya waleti), hakuna ufunguo wa kuibiwa, hapo ndo napapenda sana.