Bakteria wa sifongo wa bahari yenye baridi
Leo, baada ya wiki sita za kusubiri, nimeona makoloni (vishada) ya kwanza ya bakteria kwenye sahani za agari, jeli ya kuoteshea bakteria, nilizohifadhi katika nyuzi 4 za Selsiasi: mengi ni ya manjano, na moja la waridi halizidi kichwa cha pini. Yametoka kwa sifongo, mnyama wa baharini, aitwaye Geodia barretti, aliyetolewa kwenye fjodi (ghuba nyembamba yenye kina) karibu na Bergen, Norwei, ambaye vijisindano vyake vya silika vilinichoma vidole kupitia glavu nilipokuwa nikimkata. Mwilini mwake wamejaa bakteria ambao wengi wao ni adimu katika maji yanayomzunguka. Wengi hawaoti maabara kabisa, ndiyo maana tunasoma pia jeni ya 16S, inayotambulisha bakteria hata bila kuwaotesha. Hata hivyo, koloni lile la waridi limenifurahisha mno.