Majambia Mkononi mwa Macbeth

Wengi huitaja karamu ya mzuka wa Banquo, rafiki aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, kuwa ndipo tamthilia ya Macbeth inapogeuka. Mimi naona imekwisha kugeuka mapema zaidi, katika onyesho la pili la tendo la pili, Macbeth anapotoka chumbani kwa Mfalme Duncan baada ya kumuua, akiwa bado ameshika majambia yenye damu. Shakespeare hakutuonyesha mauaji yenyewe, na kwangu huo ni uamuzi bora mno, kwani tunalazimika kuyasoma katika mikono ya muuaji na katika kauli zake fupi zilizokatikakatika. Kinachomtesa ni kwamba aliwasikia watu wawili walioshtuka usingizini wakiomba dua, akataka kuitikia "Amina", neno likamkwama kooni. Mkewe anamkaripia, anayachukua majambia na kuyarudisha mwenyewe ili awapake damu wahudumu waliolala, kisha anasema kwamba maji kidogo yatawasafisha wao wawili, yeye na mumewe. Macbeth, aliyekataa katakata kurudi kuutazama mwili, ameshatambua kwamba hata bahari nzima haitoshi. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaodai kwamba alisukumwa tu na mkewe: yeye ndiye aliyeelewa kwanza uzito wa tendo lile, na bado akaendelea kuua.