Kengele ikilia anaziba masikio

Mwaka huu kidato cha pili nina kijana mwenye usonji (autism, ubongo wake unapokea sauti na mambo tofauti na wengine), darasa lina watoto 60 na kitu, na ile kengele yetu ya rimu la gari ikigongwa anaziba masikio anaingia chini ya dawati, walimu wengine wakawa wanasema huyo jeuri tu, mchapeni. Jamani! Sio jeuri, sauti inamuumiza kweli. Sa hivi nampa ishara dakika 2 kabla, ratiba ikibadilika namwambia mapema. Swali la "eleza kwa kifupi" linamkwamisha, muandikie "taja sababu 3" uone, anamaliza wa kwanza. Juzi kanirekebisha ubaoni kwenye ramani ya reli ya kati, nilisahau njia inagawanyika Tabora, moja Mwanza moja Kigoma. Nilivyomwambia mama yake akalia pale pale getini.