Tandiko lililokuwa likinirudisha nyuma

Kila farasi alipoongeza mwendo kwenye mchanga wa ufuo wa Malindi, nyonga zangu ziliteleza nyuma na miguu ikatangulia mbele. Mwalimu alikuwa akinihimiza, "Dada, keti wima!" Nilikaa wima, na baada ya hatua chache nikawa palepale. Kiuno kiliuma hadi usiku.

Nikalishuku tandiko, kile kiti cha kukalia mgongoni mwa farasi. Tuliliweka mgongoni bila kitambaa, farasi akasimama mahali tambarare, nikalaza kalamu ya duara katikati ya kiti. Ikabingirika mpaka nyuma. Kumbe bonde la kiti, yaani sehemu yake ya chini kabisa, lilikuwa nyuma mno huku vikuku vya kukanyagia vikining'inia mbele, basi kisigino kingekaaje chini ya nyonga?

Taulo lililokunjwa chini ya sehemu ya nyuma lilisaidia, ila sikulipenda, maana lilisukuma uzito mabegani mwa mnyama. Tukajaribu matandiko mengine ya zizini mpaka kalamu ikatulia katikati. Vidole viwili vilipita kati ya tandiko na mfupa wa mabega ya farasi, na nyuma tandiko halikuvuka ubavu wake wa mwisho. Kwangu, tandiko kumkaa farasi vizuri ndilo jambo la kwanza.

Sasa sikio, bega, nyonga na kisigino vimenyooka mstari mmoja, na mwalimu ameacha kunipigia kelele.